Mzee wa ndono haji tena

Swali: Shikamoo mwalimu. Tuko saba, tunakutana kila Jumamosi jioni ufukweni upande wa Bwiru. Kuna dada anapiga nyatiti, mwenzetu wa Tarime ana litungu, zote mbili ala za nyuzi, kuna zeze, marimba ya mkononi na filimbi, mimi napiga ngoma mbili, na mzee mmoja wa Kisesa ana ndono. Hatupigi nyimbo za watu wala hatufanyi mazoezi ya wimbo. Mmoja anaanza, wengine wanaingia, tunaona tutafika wapi. Dakika tano za kwanza huwa tamu. Baada ya hapo ni vurugu, au tunaangukia mdundo uleule wa wiki iliyopita. Mzee hii ni wiki ya nne haji, na hajasema kwa nini. Tumeanza kuchanga tununue maikrofoni na spika ili asikike. Tunakosea wapi?

Jibu: Marahaba kijana wangu. Mchango wa spika usimamisheni kwanza. Kwa jinsi ulivyoeleza, sidhani kama mzee amekasirika, wala sidhani ni nauli ya Kisesa. Ameacha kuja kwa sababu hajisikii. Sina maana kwamba anaumwa. Nina maana kwamba masikio yake hayaipati sauti ya mkono wake. Kwa mpiga ndono huo ni ugonjwa ambao spika haiutibu.

Siku mkipata nafasi, itazameni ndono kwa karibu. Ni upinde, waya mmoja, kibuyu kilichokatwa mdomo, na kijiti chembamba cha kugongea. Kuna kitanzi kidogo kinachouvuta waya kuelekea kwenye kibuyu na kuugawa vipande viwili visivyolingana. Ukigonga huku unapata sauti moja, ukigonga kule unapata nyingine. Mtu akiishia hapo atasema ni mchezo wa watoto, sauti mbili tu. Lakini muziki wenyewe uko kwenye kibuyu. Mdomo wake unaelekea kifuani kwa mpigaji, naye anausogeza. Akiubana, sauti inazama na kuwa nzito. Akiuachia kiasi cha unene wa kidole, ndani ya sauti ileile inachomoka nyingine, nyembamba, ya juu, kama mtu anayepiga mluzi chumba cha pili. Zile sauti nyembamba zimo kwenye waya muda wote. Kibuyu ndicho kinachochagua ipi itoke. Kwa hiyo mzee wenu anaimba kwa kibuyu, na anajua amefika wapi kwa sikio lake na kwa ngozi ya kifua chake.

Sasa mtu huyo mmemkalisha kando ya ngoma mbili. Waya ataugonga, maana mkono haumsahau, ila kibuyu hakisikii tena. Anabaki mtu mzima anayegonga waya hadharani. Mkimwekea maikrofoni, itaokota mgongo wa kibuyu na kelele za upepo, halafu ninyi wengine mtaongeza nguvu ili mshindane na spika. Baada ya wiki mbili mtahitaji maikrofoni ya zeze.

Nalijua kosa hili kwa sababu nimelifanya. Miaka mingi nyuma nilikuwa na litungu langu kwenye mkusanyiko kama wenu, na pembeni yangu alikaa mzee wa enanga aliyetoka upande wa Muleba. Enanga ni kipande cha mti kilichochongwa kama hori, kamba moja imepitishwa kwenda na kurudi hadi ikawa kama nyuzi saba au nane. Ni ala ya mtu anayesimulia usiku watu wakiwa wamenyamaza. Tulipiga, tukafurahi, tukapongezana. Mtu alirekodi kwa kaseti na mimi nikaenda nayo nyumbani. Nikaisikiliza peke yangu, dakika tisa nzima za litungu langu likiunguruma kama lori la pamba. Kisha panapokaribia mwisho uzi wangu mmoja ukakatika, unasikika kabisa, *pa*, na mimi nikanyamaza ili niufunge. Ndani ya ukimya huo ikatokea enanga. Ilikuwa imefika mbali sana. Alikuwa na safari yake tangu mwanzo, nzuri kuliko yetu, na hakuna aliyekuwa anaisikia. Nikafunga uzi, nikarudi, ikazama tena.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja tu kwa kikao cha aina yenu: ala inayosikika kidogo kuliko zote ndiyo inayopanga mambo. Inapanga mkae wapi, mpige kwa nguvu gani, mwanze saa ngapi na mwishie wapi. Ukiona huisikii ndono, wewe ndiye uliyezidisha. Usimtazame jirani.

Tuanze na mahali. Ufukwe ni mzuri kwa picha, lakini jioni upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, mawimbi yanagonga, na sauti ndogo zote zinabebwa. Hamieni nyuma ya mawe. Bwiru mawe yapo ya kutosha, tafuteni mahali ambapo jiwe kubwa liko upande wa ziwa na jingine nyuma yenu. Yatakata upepo na kuwarudishia sauti. Au kutaneni alfajiri, kabla upepo haujaamka, kama mnaweza kuamkia hapo siku ya Jumamosi. Halafu fanyeni hivi: mzee apige peke yake, ninyi mrudi nyuma hatua kwa hatua mpaka pale ambapo bado unasikia waya lakini husikii tena kibuyu kikifunguka. Rudi mbele hatua mbili. Huo ndio upana wa duara lenu. Litakuwa dogo kuliko mnavyodhani, goti kwa goti.

Wewe mwenye ngoma sasa, na usinichukie. Mkono wako haukukosa adabu, umelelewa hivyo. Ngoma za kwetu Usukuma zimekulia kwenye mashindano. Nenda Bujora mwezi Juni wakati wa Bulabo, sherehe za ngoma, uvitazame vyama hasimu vya Wagika na Wagalu: pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, na anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Bugobogobo nayo ni ngoma ya shambani, ya kuwatia nguvu watu wengi wenye majembe chini ya jua. Ala iliyozaliwa kuvuta umati kutoka kwa jirani, ukiileta kwenye duara la watu saba itafanya kazi yake ileile, itawavuta wote. Ndiyo maana mnaangukia mdundo uleule kila wiki. Hamjauchagua.

Kuna sababu nyingine ya kuuangukia, na hii ni yenu wote. Watu wanasema kubuni muziki papo hapo ni kitu cha kisasa, au cha Wazungu, au cha jazi. Ningi wa Kisukuma, yule manju anayetangulia mbele ya ngoma, anafanya hivyo siku zote. Anamwona mpinzani wake ng'ambo ya uwanja, anatunga beti hapohapo la kumchoma, na watu wanacheka kabla vumbi halijatulia. Lakini tazama vizuri: yeye anabadilika, kiitikio hakibadiliki. Kiitikio kinamshika mkono ili asianguke. Ninyi mmeamua kwamba hakuna kitu chochote kitakachobaki palepale. Kwa dakika tano hilo linawezekana, kwa sababu kila mtu ana wasiwasi, na mwenye wasiwasi husikiliza. Wasiwasi ukiisha, masikio yanalala, kikundi kinatafuta kitu cha kushika, na kilicho karibu ni ngoma.

Basi kipeni kikao kitu cha kubaki, na kitu hicho kiwe ndono. Zile sauti zake mbili zimetosha. Zinakwenda na kurudi, moja mbili, moja mbili, na juu yake kile kimluzi cha kibuyu kinatembea. Yeye akae, ninyi mwende. Ngoma iache kuwa msingi. Kaa na moja tu, ielekeze mdomo kwenye mchanga, weka kitenge juu ya ngozi, piga kwa vidole. Utakuta ngoma ina maneno mengi ya chinichini ambayo hujawahi kuyasikia kwa sababu ulikuwa unapaza sauti.

Dada wa nyatiti naye ana mzigo wake. Nyatiti ni kikundi kizima kwenye mwili wa mtu mmoja: nyuzi nane, njuga za mguuni, na ile pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inayogonga mti wa ala. Ukiongeza na kuimba, hahitaji mtu mwingine yeyote, na ndivyo ilivyokusudiwa, kwa sababu mpiga nyatiti wa Kijaluo alikuwa akienda msibani au kwenye sherehe peke yake. Mwombe avue pete na njuga kwa miezi miwili ya kwanza. Abaki na nyuzi. (Na kama kuna anayemnong'oneza kwamba nyatiti ni ya wanaume, ni kweli ilikuwa hivyo, lakini Mjapani Eriko Mukoyama, anayeitwa Anyango, alijifunza kwa wazee huko Kenya na leo anaipiga duniani kote. Dada yenu yuko nyumbani zaidi yake.)

Zeze na filimbi ni jambo jingine kabisa. Hesabuni ala zenu: nyatiti, litungu, marimba, ngoma, ndono, zote zikiguswa zinalia na kufa papo hapo. Ni zeze na filimbi tu zinazoweza kushika sauti moja ikae. Maana yake wawili hao ndio mapafu ya kikundi. Wakipiga vinyimbo vifupi vifupi kama wengine, kikao kitakuwa mvua ya mawe juu ya bati. Wapeni kazi ya sauti ndefu, na wapeni ruhusa ya kutofanya lolote kwa muda mrefu. Mpiga filimbi anayeweza kukaa dakika nne na filimbi magotini bila aibu ni mtu wa kumshikilia.

Mazoezi mnayoyahitaji yapo ng'ambo ya ziwa. Wasoga wa Uganda wana bigwala, seti ya tarumbeta za vibuyu, tano au zaidi, na kila moja inatoa sauti moja tu. Wimbo hauko kwa mtu yeyote. Unatokea pale kila mpulizaji anapoingiza sauti yake kwenye tundu lililoachwa na wenzake. UNESCO iliuweka muziki huo kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka mwaka 2012, kwa sababu wazee waliokuwa wakiujua walikuwa wamebaki wachache. Amadinda ya Waganda, ile marimba kubwa ya mbao, inakwenda kwa akili hiyohiyo, wapigaji wanakaa wakitazamana na magongo ya mmoja yanaingia katikati ya magongo ya mwenzake, hadi msikilizaji anasikia wimbo ambao hakuna aliyeupiga. Basi Jumamosi ijayo kila mmoja achague sauti moja. Uzi mmoja, tundu moja, njiti moja ya marimba. Dakika kumi bila kubadilisha. Unaruhusiwa kuchagua lini tu. Mara ya kwanza mtaboreka, na kwenye dakika ya sita hivi kuna mtu ataanza kutabasamu.

Mpiga ngoma wa London, John Stevens, alikuwa akiwapa wanamuziki wake zoezi la jamaa na hili: kila mtu atoe sauti fupi kuliko zote anazoweza, kisha asikilize zinavyojipanga zenyewe. Ni zoezi zuri, na ala zenu zinalifaa kuliko saksafoni.

Kuhusu kuoanisha sauti. Najua kuna mmoja wenu mwenye programu kwenye simu, kila kikundi anaye. Aizime. Programu ile inapima kwa ngazi ya piano, hatua kumi na mbili, kila moja senti 100 (senti hapa ni kipimo cha umbali kati ya sauti na sauti). Nyimbo nyingi za kuzunguka ziwa hili zina hatua tano. Kwenye amadinda hatua hizo zinakaribia kulingana, kama senti 240 kila moja, kipimo ambacho piano haina kabisa. Wagogo nao wanaipata ngazi yao kwenye zile sauti nyembamba zilizomo ndani ya sauti nzito, kama anavyofanya mzee wenu kwa kibuyu. Simu itawaambia nyote mmekosea, nanyi mtatumia jioni nzima kuwa piano mbovu.

Anzeni na ambaye hawezi kubadilika. Filimbi matundu yake yameshatobolewa, basi atoe sauti yake ya chini, na mzee asogeze kitanzi chake mpaka aridhike. Zeze afuate, kisha marimba, ambaye anasukuma njiti zake ndani au kuzivuta nje kwa kugongagonga polepole. Nyatiti na litungu ziwe za mwisho, kwa sababu nyuzi zao hulegea mkiwa bado mnaongea. Zikibaki tofauti ndogo, sauti mbili zikawa zinatetemeka zikikutana, ziacheni zitetemeke. Fundi wa marimba ya Kigogo hutoboa tundu kwenye kisanduku na kuliziba kwa utando wa buibui, makusudi, ili sauti ivume. Waliomsikiliza marehemu Hukwe Zawose, mpiga marimba wa Kigogo, wanaujua mvumo huo. Watu wa kale walilipa gharama kuupata huo mkwaruzo ambao ninyi mnataka kuufuta.

Nyuzi za litungu zamani zilikuwa za mishipa ya ng'ombe, sasa wengi tunatumia mishipi ya kuvulia. Mimi ya kwangu naichukua Mwaloni, Kirumba. Kijana wa duka aliniuliza ni ya sangara au sato. Nikamwambia ya litungu, akasema samaki huyo hamjui. Mshipi mpya huvutika kwa siku nzima, kwa hiyo ukifungwa Jumamosi mchana utawaharibia jioni yote. Afunge Alhamisi. Ngozi nazo, msimu wa mvua hewa ya ziwani huzilegeza. Washeni moto mdogo wa nyasi na mzipashe kwa mbali, mkizigeuza. Msizikaribishe kama mnachoma mahindi. Nimeona ngoma nzuri ikipasuka hivyo.

Na kwa kuwa mko kwenye mawe, jaribuni mawe. Moru kule Serengeti kuna jiwe lenye vishimo vilivyochimbwa na kugongwa kwa vizazi vingi, linalia kama chuma, na kisiwa cha Lolui upande wa Uganda kina ya aina hiyo. Si kila jiwe linalia. Linalolia mara nyingi limekalia sehemu chache, chini yake kuna uwazi. Gongeni kwa kokoto inayojaa kiganjani, polepole, na kabla ya hapo waulizeni wenyeji, maana mengine ni ya matambiko. Jiwe lenye michoro msiliguse.

Mwisho wa kipande ndipo panapowashinda wengi. Wekeni hivi: ndono ikinyamaza, hakuna anayeleta wazo jipya. Unamaliza sentensi uliyonayo mdomoni, unanyamaza. Mnaweza kukaa kimya kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini kabla mtu hajasema "safi sana". Mkitaka kurekodi, simu moja ikae karibu na goti la mzee, na msisikilize siku hiyohiyo, kila mtu atajitafuta yeye tu. Kwenye rekodi za zamani, kama zile alizofanya mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950, ala ndogo zinasikika kubwa kwa sababu maikrofoni ilisogezwa hadi puani kwa ala. Wengi tumejifunzia hapo, tukaamini ndono ina nguvu hizo uwanjani.

Mzee msimpigie simu. Pandeni daladala ya Kisesa, wawili watatu, wewe mwenye ngoma uwe mmojawao. Msiende na ala. Msimwambie "tunakuhitaji kwenye kikundi", mwambieni mlikuwa hamumsikii, kosa ni lenu. Halafu mwombeni awapigie hapo nyumbani, nanyi kwa zamu mkae karibu naye kiasi cha kuona kibuyu kinavyoachana na kifua. Mpelekeeni sukari, na waya: wa breki ya baiskeli ukifumuliwa unatoa nyuzi nzuri, yeye atachagua unene. Akisema atakuja Jumamosi, ngoma ya pili ibaki nyumbani.